Wafugaji walivyompenda Elisifa mpaka wakamfungia kazi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya chai, Elisifa Munisi anafungua mtungi wake na kuchovya fimbo nyembamba ndani. Anaitoa, anaipunga hewani, anasubiri. Barafu nyeupe inajichora kwenye fimbo, naye anaipima kwa rula ya shule ya mwanawe.

"Sentimita tisa," anasema. "Juzi zilikuwa kumi na moja."

Mtungi una nitrojeni, maji ya baridi kali yanayotunza mbegu za madume ya ng'ombe. Yanapungua yenyewe, ufanye kazi usifanye. Yakishuka chini ya tano, mbegu zinaanza kuharibika, na Elisifa hana tena kazi. Na pa kuyajazia, kwa sasa, hana.

Elisifa, mwenye miaka thelathini na minne, ni mhimilishaji. Wafugaji wenyewe husema anapandisha ng'ombe kwa mrija. Ni mwaka wa tisa anakwea vilima vya juu ya Kwa Sadala kwa pikipiki, mtungi ukiwa umefungwa nyuma kwa mpira. Huku ng'ombe hatoki kwenda malishoni. Anakaa bandani kihambani, kwenye shamba la nyumbani, analetewa majani na mashina ya migomba. Akionyesha joto asubuhi, jioni mhimilishaji awe ameshafika. Akichelewa, mfugaji anasubiri tena siku ishirini na moja.

Elisifa hachelewi. Muulize yeyote kuanzia barabarani mpaka juu msituni.

Mwaka jana kampuni inayosambaza mbegu na nitrojeni ilileta programu ya simu. Mfugaji anabonyeza, mhimilishaji anaitwa, na kazi ikiisha simu inamwomba mfugaji atoe nyota. Ziko tano, zimepangwa mstari mmoja. Chini yake hakuna neno hata moja, si "mbaya" wala "nzuri". Aliyezichora alidhani dunia nzima inajua maana yake.

Jamani, dunia nzima haijui!

Wiki mbili zilizopita Elisifa alishuka Bomang'ombe kujaza mtungi kama kawaida. Fredy, karani wa stoo ya kampuni, aliingiza namba yake kwenye kompyuta, akasita.

"Dada Elisifa, umefungiwa."

"Na nani?"

"Na mfumo. Una nyota moja na nusu. Chini ya mbili hupewi mbegu wala nitrojeni." Akamgeuzia kioo aone. Wafugaji hamsini na watatu walikuwa wametoa nyota, na arobaini na sita kati yao walimpa moja. "Wateja wako hawakupendi, dada."

Elisifa alisoma majina. Kina mama wa kwaya. Ester, aliyemsimamia mwanawe ubatizo. Na juu kabisa ya orodha, Aikaeli Swai, bibi wa miaka sabini na mmoja ambaye kila Krismasi humpelekea mkungu wa ndizi.

"Nililia mpaka nikasimamisha pikipiki," anasimulia. "Nikajiuliza, kumbe miaka yote hii hawa watu wananichekea usoni tu?"

Kilichomchoma zaidi ni Wilson, mwenzake wa upande wa Sanya Juu, aliyekuwa na nyota nne na nusu. "Wilson! Anafika ng'ombe ameshapoa, halafu anamfokea mwenye ng'ombe!"

Siku tatu hakutoka nyumbani. Ya nne alipanda kwa Bibi Aikaeli, na hata shikamoo ilimtoka kwa shida.

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Wewe? Unikosee nini, mwanangu?"

"Mbona umenipa nyota moja?"

Bibi alicheka, akafuta mikono kwenye kitenge. "Ndiyo, nimekupa ya kwanza! Na si mimi peke yangu."

Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Bibi Aikaeli alikuwa amesikia kwamba nyota zinampa mtu kazi. Basi Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa uwanjani kwenye mnada wa sadaka, ndizi zimeshanadiwa na mayai bado, alisimama na simu yake ya kupangusa akaufundisha usharika mzima. Elisifa apewe ya kwanza. Wilson apewe ya mwisho, akome.

Wakatii. Hawa ni watu ambao mtoto akishika nafasi ya kwanza darasani anachinjiwa kuku, na akishika ya mwisho halali vizuri. Nani angewaambia kwamba kwenye simu mambo yamegeuzwa?

Elisifa alipomaliza kumweleza, bibi alikaa chini kwenye ndoo ya kukamulia.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, bibi."

"Ni mimi, usinifiche. Lete hiyo simu nibadilishe."

Walijaribu mpaka chaji ikaisha. Kila wakibonyeza nyota ya tano, maneno yalikuwa yaleyale: "Tathmini yako imeshapokelewa. Asante." Sehemu ya malalamiko ipo, ila inamfungukia mwenye akaunti hai, na ya Elisifa imefungwa. Alimpigia Fredy. Fredy alimwelewa vizuri sana, lakini akasema hana kitufe cha kumrudisha mtu.

Kabla ya kufungiwa alipandisha ng'ombe watano kwa siku. Sasa mbegu zilizobaki mtungini ni mirija sita, na kwa kuzibania, juma hili amewakatalia wafugaji wanne. Wawili walimwita Wilson, akafika kesho yake.

"Sitakudanganya, nimekata tamaa," anasema. "Ningefungiwa kwa uvivu, ningejirekebisha. Sasa hapa nirekebishe nini? Wanipende kidogo?"

Hata hivyo mpango anao, mmoja tu. Ameandika barua kwa mkono kwenye karatasi za daftari, na wote arobaini na sita wataweka sahihi kwamba walimaanisha sifa. Jumatatu ataipeleka Bomang'ombe pamoja na mtungi. Kwa hesabu yake, siku hiyo fimbo itasoma tano. Nani ataisoma barua, hajui. Fredy amemwambia wazi kwamba mfumo haupokei karatasi.

Leo ameanzia kwa Bibi Aikaeli. Anakunjua karatasi juu ya goti, anaandika "1" pembeni, anamnyooshea bibi kalamu.

Bibi anaitazama ile namba, mkono hauinuki.

"Niandike wa mwisho, mwanangu," anasema. "Hapo juu siwezi kukaa tena."