Ukuta wa Leontin, Meza ya Saveta

Leontin Brădeanu alikuwa mpiga picha wa Sibiu, na ukimuuliza mwenyewe, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Wengine wote waliobaki mjini, alisema, ni wabonyezaji tu. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za mji wa chini. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha giza alimosafishia picha kwa mkono tangu ujana: makanisa, marundo ya nyasi kavu, kondoo wenye nyuso za majonzi. Zote nyeusi na nyeupe. Kwake rangi ilikuwa aina ya umbeya.

Mkewe, Saveta, hakuwa na falsafa. Alikuwa na kamera ya dijitali, printa ya wino na meza karibu na mlango, akiuza picha za mabata bukini na mashamba ya maua mekundu. Wageni waliingia, wakautazama ukuta wa Leontin kwa adabu kama watu wanaopita msibani, kisha wakanunua mabata.

"Printa inatapika," Leontin aliwaambia wateja, mkewe akisikia. "Chumba cha giza kinazaa!"

"Mbona basi wanao hawapati wachumba?" Saveta alijibu, huku akimtia bata mwingine kwenye bahasha.

Mteja aliyemtia Leontin kiburi alikuwa Bi Domnica, mwalimu mstaafu wa muziki. Yeye alikuwa na desturi ya kuinusa picha kabla ya kuinunua. Harufu ile kali ya dawa, iliyofanana na siki, kwake ndiyo ilikuwa cheti cha sanaa. Picha iliyosuuzwa vizuri hainuki, na Leontin alilijua hilo fika, ila hakumsahihisha. Nani anamkata ulimi anayemsifu?

Kabla ya Krismasi Bi Domnica akaagiza picha kubwa ya mnara wa kanisa. Siku hiyohiyo akaja mtu wa redio, na Leontin, katika kumringia jinsi karatasi halisi inavyong'aa, akalifungua boksi zima la karatasi chini ya taa. Ndipo akakumbuka kwamba karatasi ile haitakiwi kuuona mwanga kabla ya wakati wake. Akabaki ameduwaa. Mtu wa redio akadhani ule ukimya ni hisia za msanii.

Karatasi nyingine ingechelewa, na Bi Domnica hakuwa mtu wa kusubiri. Saveta alikuwa Făgăraș kwa dada yake. Leontin akaizunguka printa kama kuku aliyemwona nyoka, hatimaye akaiwasha, akauchapa mnara alioupiga kwa kamera ya mkewe, kwa nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi nene ya Saveta. Ukatoka mzuri, na uzuri huo ulimuudhi kuliko kitu chochote.

Ilibaki harufu. Dawa zake aliogopa zingeila karatasi ile, basi akaenda jikoni, akachovya pamba kwenye mtungi wa achari ya siki na kuipaka picha mgongoni.

Bi Domnica akanusa, akafumba macho. "Hii ndiyo sanaa, bwana Leontin! Unaisikia?"

"Naisikia, mama," alisema Leontin, na kweli aliisikia.

Jumamosi, duka likiwa limejaa watu na Saveta amesharudi, Bi Domnica aliingia na picha kwapani.

"Bwana Leontin, wageni wangu wameshinda wakiuliza nani kafungua achari. Sanaa gani inanuka kitunguu saumu?"

"Ni dawa mpya, mama. Ya kisasa."

"Basi hiyo ya kisasa naifuta." Akalowesha leso, akasugua mgongo wa picha, akaigeuza akasugua na mbele. Mnara ukaanza kuyeyuka. Kengele zikateremka hadi mlangoni mwa kanisa, zikawa michirizi ya wino.

Saveta akainama, akanusa. "He! Hii si achari yangu ya nyanya mbichi? Mume wangu, umempaka mwalimu wa watu mtungi mzima?"

"Leontin!" muuza soksi wa jirani akapaza sauti. "Nikatie kipande na mie, uweke na mkate!"

Duka likaangua kicheko. Leontin akaingia chumba cha giza, akajifungia.

Lakini aliyefadhaika zaidi alikuwa Bi Domnica, kwa maana alikuwa amewahutubia wageni wake jioni nzima juu ya weusi ambao printa haiwezi kuutoa. Akamsogelea Saveta sikioni. "Nipe bata mmoja, mwanangu. Na haya mambo ya kunusa yaishie hapa."

Watu walipotawanyika, Saveta akagonga mlango. "Toka. Chini ya kila picha utaandika ilivyotengenezwa. Zako na zangu."

Akatoka macho mekundu, akasingizia dawa. Akaandika.

Tangu hapo minara miwili hutundikwa pamoja, wa chumba cha giza na wa printa, wa pili kwa bei nafuu. Leontin humweleza kila mteja tofauti yake mpaka mteja atafute kiti. Mteja huitikia kwa kichwa, hushukuru sana, hununua wa printa. Katika picha zote alizowahi kupiga, hakuna iliyouzwa kama ile, na jambo hilo humkera hadi leo.

Mara mojamoja hutokea mtu akasimama mbele ya mnara wa kwanza, asiulize kitu, akaulipia na kuondoka nao. Siku hiyo Leontin haitukani printa hata mara moja, mpaka wakati wa supu ya jioni.