Mkwezi Niliyemwita Mgema

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba anayeyajua maneno yote ya mchezo ndiye atakayepewa nafasi kubwa. Nilikuwa nimeyahifadhi yote, yangu na ya wenzangu, hata yale ya mlinzi wa pango ambaye husema "Simama!" mara mbili, basi. Niliyahifadhi kwa wiki tatu katika chumba changu cha kupanga Ukunda, nikijirekodi kwa simu, nikijisikiliza, nikijichukia, nikirekodi tena. Sikusomea uigizaji popote. Nilijifunza kwa kutazama video na kusimama mbele ya kioo, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyewahi kuniambia inatosha.

Mchezo wenyewe ni wa historia. Huchezwa nje, katika uwanja mmoja wa Msambweni, msimu wa joto shule zikiwa zimefungwa, kila Jumamosi na Jumapili, kuanzia baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Unasimulia juu ya watu waliotekwa bara, wakaletwa pwani na kufungiwa mapangoni Shimoni wakingoja kuuzwa. Aliyeutunga na kuuongoza ni mwalimu wa historia aliyestaafu, mama ambaye huvua miwani kila anapotaka kukusema. Sote tulimwita Mwalimu.

Nafasi kubwa ni ya mateka mmoja. Akitolewa pangoni kupelekwa chomboni, huwaita watu wa kwao kwa majina, mmoja mmoja, ingawa anajua hawawezi kumsikia. Hapo ndipo watazamaji hulia. Mimi nilikuwa nimeshajizoeza hata kulia kwenyewe.

Siku ya majaribio Mwalimu hakumwuliza mtu maneno. Alituacha upande mmoja wa uwanja, akaenda kusimama upande wa pili, akasema kila mtu amwite mtu anayempenda aliye mbali. Niliita vizuri. Nilivuta pumzi tumboni, nikafungua kinywa inavyotakiwa. Baada yangu akaja kijana wa rika langu kutoka Jego, mkwezi wa minazi, aliyetoka kazini na kamba yake ya kukwelea ikiwa bado begani. Hakujua hata mchezo unahusu nini. Aliweka kamba chini, akaita jina la dada yake mara moja tu. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki ng'ambo ya barabara aliacha karai lake akageuka kutazama nani amepatwa na nini.

"Umejifunza wapi?" Mwalimu akamwuliza.

"Kujifunza nini?"

"Kuita hivyo."

"Juu ya mnazi, Mwalimu. Huwezi kuangusha nazi kimya kimya, utaua mtu."

Watu wakacheka. Yeye akapewa mateka, na yule mama wa samaki, aliyevuka barabara kuuliza kulikoni, akapewa mama wa mateka papo hapo. Mimi nikapewa mlinzi wa pango.

Mwalimu ana desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Hakuna anayevaa nguo za mchezo kabla watu hawajamjua. Kila mwigizaji hutoka mbele akiwa na nguo zake za kazi, wasifu wake ukasomwa kwa kipaza sauti, kisha ndipo hujifunga kaniki mbele ya macho ya watu. "Wajue ni nani anayewavaa babu zao," husema. Kwa kuwa nilikuwa nikifanya kazi katika duka la kuchapisha karatasi, nikiwaandikia watu wasifu za kuombea kazi katika hoteli za Diani, aliniambia niziandike hizi pia na kuzisoma.

Nikaanza kuwahoji mmoja mmoja. Mama wa samaki alisema, "Andika nimesimama mbele ya moto tangu kifungua mimba wangu hajaota meno. Na andika sijachoka." Mwendesha bodaboda mmoja aliyekuja kutoka Mackinnon Road, ambaye ndiye mfanyabiashara wa watumwa, alisema, "Bro, wewe andika tu msanii. Hiyo ya boda wataiona kwa reflekta."

Kila wasifu uliniuma. Niliona kwamba kila mmoja alikuwa ameshapewa na kazi yake kile nilichokuwa nikikitafuta kwenye simu. Mama wa samaki alijua kusimama bila kutapatapa. Yule wa bodaboda alizoea kumbembeleza abiria hadi apande, kwa hiyo mfanyabiashara wake alitisha kwa upole wake. Aliwaita mateka "wateja wangu" na watu wakasisimka. Mimi, nilipofika kwenye wasifu wangu, niliandika nusu ukurasa. Nikaufuta. Nikaandika tena.

Mkwezi nilimhoji Jumatano.

"Andika mkwezi kutoka Jego," alisema.

"Mkwezi tu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Hujawahi kugema?"

Akacheka. "Marehemu baba aligema zamani, kisha akatubu akaacha. Mimi la. Kwanza naogopa nyuki." Halafu akasogea karibu. "Kaka, niandikie vizuri. Jumamosi mkwe atakuja. Yaani, si mkwe bado. Wazee wangu wamepeleka posa, jibu halijatoka. Ni maalim wa madrasa kule Vanga. Amesema atakuja kunitazama nasimamaje mbele za watu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaandika: mkwezi kutoka Jego. Mwalimu akasoma, akapitisha.

Ijumaa, katika zoezi la mwisho, niliposema "Simama!" yangu ya pili, Mwalimu alivua miwani. "Unasema kama mtu anayejisikiliza," aliniambia mbele ya wote. Akamwonyesha mkwezi kwa kidole. "Mtazame yule. Jifunze kwake." Yule akaangalia chini kwa haya, na haya yake ikaniudhi kuliko majivuno ambayo angeweza kuonyesha.

Nilirudi dukani kuchapisha karatasi za kesho. Nilifuta neno moja nikaweka jingine. Kwa mtu wa mbali maneno hayo mawili yanaweza kuonekana ni kitu kimoja, kwa sababu wote hupanda mnazi. Lakini mkwezi hupanda kuangua nazi na madafu, naye mgema hupanda kukinga tembo, pombe ya mnazi, na kwetu, ambako posa imepelekwa kwa maalim, neno la pili linaweza kuufunga mlango. Nilijiambia mgema lina mlio mzuri zaidi. Nilijiambia hata babake aligema. Nilisoma karatasi nzima mara nne kuhakikisha hakuna kosa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Maalim alikaa mbele, kwenye mkeka, kanzu yake nyeupe, kofia imenyooka. Mkwezi akatoka, kamba begani. Nikasoma, kwa sauti niliyoizoeza, kwamba kijana huyu ni mgema kutoka Jego.

Hakukasirika. Alinigeukia kama mtu aliyesikia vibaya, akingoja nirudie. Nikaendelea na anayefuata.

"Mgema!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Basi mbona hukuja na kibuyu?"

"Msimsifu sana," mwingine akajibu, "atalitia maji!"

Kicheko kikaenda uwanja mzima, kile cha watu wasio na nia mbaya, na ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Maalim akainuka, akavaa viatu vyake taratibu, akaondoka. Ilipofika zamu ya kuita majina, mkwezi aliita kwa sauti ndogo, macho kwenye mkeka uliobaki na nafasi. "Hatusikii!" watu wakalalamika. Nami, nimesimama mlangoni mwa pango na mkuki wa mti, nilifurahi. Ninaliandika hilo kwa sababu ni kweli. Furaha ilidumu hadi alipovua kaniki, akaikunja vizuri, akaniwekea mikononi.

Nikamwambia Mwalimu kwamba niliteleza katika kuchapisha.

Miwani ikavuliwa. "Wewe? Wewe uliyenirudishia karatasi mara tatu kwa ajili ya nukta moja?"



Jumapili mkwezi hakuja. Watu walikuwa wameshaketi, na hakuna mwingine aliyeyajua maneno. Mwalimu alinipa ile kaniki bila kunitazama. Kwa hiyo niliipata nafasi niliyoitaka. Niliita majina yote, kila moja na pumzi yake, sikukosea hata silabi. Machozi yalitoka pale nilipoyapangia. Katika kimya cha baada ya jina la mwisho, mtoto mmoja wa kike akamwuliza mamake kwa sauti, "Mama, huyu anauza nini?"

Nilipokuwa nikinawa uso, mama wa samaki alikuja akasimama karibu nami. "Wazee wa yule kijana walipita Vanga asubuhi," alisema. "Wameambiwa, tutaonana." Akangoja nielewe. Nilielewa. Kwetu posa haikataliwi kwa neno gumu. Huambiwa tutaonana, na hamwonani. "Mwanangu," akasema, "usimalize sabuni yangu." Akaichukua akaenda zake.

Jumatatu nilimtafuta mkwezi. Nilimkuta kazini, juu ya mnazi nyuma ya nyumba moja ya wageni huko Diani. Nilimwita kutoka chini. Alinitazama, akapiga kelele, "Tokaaa!" Nikaruka pembeni, nazi tatu zikafuata. Kisha akashuka.

"Nilikuja kuomba..." nilianza.

"Umesikia nilivyofanya?" aliniuliza. "Mimi nikiangusha kitu, hupiga kelele kwanza. Wewe hukupiga." Akakusanya nazi zake. "Mimi sina la kukusaidia. Jibu linalongojewa si langu, ni la maalim."

Siku ya pili nilikwenda Vanga. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia, nikayapanga, nikayapa vituo. Maalim nilimkuta amekaa kizingitini akishona msahafu uliofunguka mgongo.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Wewe si ndiye wa kipaza sauti?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Usikanyage uzi."

Nikakaa. Maneno yote niliyoyapanga yalinitoka kichwani. "Yule kijana si mgema," nikasema. "Ni mkwezi. Hajagema hata siku moja. Ni mimi niliyeandika."

"Ulikosea?"

"La. Nilikusudia."

"Alikufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu. Anaigiza kunishinda."

Akaacha kushona. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Subhanallah." Alikata uzi kwa meno, akautazama mgongo wa msahafu, akaufungua na kuufunga kuujaribu. "Basi sasa umekuja kuninong'oneza mimi. Na wale wa uwanjani? Nikimwoza binti yangu leo, watasema maalim amemwoza mgema, tena macho makavu. Ulisema kwa kipaza sauti, mwanangu. Rudi ukaseme kwa kipaza sauti. Nami nitakuja nikae pale pale."

Sijui nani alimshawishi mkwezi kurudi Jumamosi iliyofuata; nadhani ni mama wa samaki, kwa sababu walifika pamoja na ndiye aliyembebea kamba. Maalim alikuwa kwenye mkeka wake. Nilipofika kwenye wasifu wa mkwezi, niliiweka karatasi chini. Nilisema kwamba wiki iliyopita nilimwita mgema, na si kweli; yeye ni mkwezi, hajakinga tembo maishani mwake. Nikasema sikuteleza, niliandika hivyo kwa sababu nilimwonea wivu. Sauti ilinitetemeka mahali ambapo sikuipangia kutetemeka.

"Kwani wewe ni nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mlinzi wa pango," nikasema.

Wakacheka sana, na safari hii walinicheka mimi. Maalim hakutikisa kichwa wala hakutabasamu. Lakini alikaa. Mkwezi alipowaita watu wake, yule wa bodaboda, ambaye alitakiwa kumsukuma kuelekea chomboni, alisahau kumsukuma. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake na wivu ulinikaba kama siku ya kwanza, haukupungua hata chembe. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti, kwamba nilitaka aendelee.

Jibu la posa lilitoka wiki iliyofuata, nalo lilikuwa ndiyo. Sikualikwa harusini. Nilisikia habari zake kwa mama wa samaki, aliyenieleza pilau ilivyokuwa kwa urefu ambao nadhani ulikuwa sehemu ya adhabu yangu. Mkwezi na mimi tunasalimiana. Nikimpa mkono, huupokea, lakini hajaniita kaka tena.

Bado naandika wasifu za waigizaji kila msimu. Siku hizi humsomea kila mtu wasifu wake, neno kwa neno, kabla sijauchapisha, na akiukubali siugusi tena. Na wale ninaowaonea wivu siwaandiki kabisa. Humwambia Mwalimu ni akina nani, naye huwaandika mwenyewe.