Uwazi Ukutani

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya wanafunzi, katika chuo kimoja hapa Brussels. Mbele yangu alisimama maman mmoja wa Bukavu na binti yake. Ghafla binti akaganda. Kando ya dirisha la karani palikuwa pamebandikwa orodha ya waliopewa msaada wa dharura wa serikali ya shirikisho: jina, kozi na sababu. Kwenye jina lake waliandika: "Hana chakula nyumbani."

"Nani aliweka hii hapa?" maman akauliza.

Karani akaeleza, tena kwa tabasamu, kwamba serikali inataka kila chuo kitangaze ripoti ya msaada huo, na wao wametimiza sharti mapema. "C'est la transparence, madame."

Maman akanigeukia. "Papa, transparence mu Kiswahili ni nini?"

"Uwazi," nikamjibu.

"Hapana, papa. Hii ni uchi."

Nikainua macho. Agizo lenyewe la serikali lilikuwa limebandikwa papo hapo, juu ya orodha, na liliomba idadi tu. Majina hayakuombwa popote. Na mimi ndiye niliyelisifu neno uwazi katika safu hii ya gazeti miaka nenda, miaka rudi!

Maman akavua kitenge chake mabegani, akakibana kwa pini juu ya orodha nzima. Karani akafoka kwamba ripoti lazima ionekane.

"Muntu akikutwa uchi, unamufunika kwanza," maman akasema. "Rapport utaandika kisha."