Namba Tisa Ipo, Subiri Kidogo

Vijana wanaokuja dukani kwangu siku hizi hubishana kuhusu gemu. Hubishana wakiwa wameegemea kioo cha kabati langu, kile nilichokwisha kuwakataza mara mbili wasikiegemee, na ubishi wenyewe ni uleule kila mwaka: gemu ya mpira imetoka tena, wachezaji walewale, nyasi zilezile, kilichobadilika ni jezi na bei. Mmoja atasema wangeiacha ipumzike. Mwingine atasema ikipumzika yeye atacheza nini. Wakichoka wananigeukia mimi mtu mzima niamue: mzee, hawa jamaa si wamezidisha sasa?

Mimi huwauliza kama wananunua au hawanunui. Lakini swali lao nalijua. Niliulizwa zamani, meza yangu ikiwa bado barabarani, na walioniuliza hawakuwa wanatania.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu tulivyozoea kuvipata kwa kujuana vilikuwa vimeanza kumwagwa chini kwenye maturubai: pasi, redio, viatu vya plastiki, na televisheni zikaanza kuingia hata kwenye nyumba za kupanga. Nyuma ya televisheni zikaja mashine za gemu. Mimi nilikuwa na meza moja kwenye kona ya Kariakoo, nauza kaseti zake, zile za plastiki nene unazochomeka juu ya mashine. Kila asubuhi nilizihesabu nikizipanga, nikazihesabu tena kabla ya kufungua mwavuli, maana pale kuna watu wanaoweza kuondoka na kitu wakati unaitikia salamu yao.

Gemu iliyotembea kuliko zote ilikuwa ya mtu mmoja mdogo anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anapiga risasi. Basi. Hana mke, hana sababu. Ikaja ya kwanza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Huko ilikotengenezwa nadhani waliishia hapo. Kariakoo hatukuishia hapo.

Mzigo wa jumla niliuchukua kwa mzee mmoja wa Kihindu mwenye duka Mchafukoge, nyumbani kwake Upanga. Tulikuwa tunamwita tajiri, naye hakuwahi kukataa. Kwenye droo yake kulikuwa na karatasi za stika zenye namba kubwa nyekundu. Ukimwambia unataka namba sita, anakuuliza kwa utulivu kabisa: zilizokuja na sita, au zilizopandishwa? Zilizopandishwa zilikuwa nafuu kidogo. Siku moja nilimbana kwamba hiyo stika ni karatasi tu, ipunguze bei. Akabandua moja, akanipa kaseti ikiwa tupu, akasema niende nayo hivyo hivyo nione nitaiuza kwa nani. Nikarudi kuomba karatasi.

Sisemi kwamba watu walidanganywa. Mnunuzi wa Kariakoo anageuza kitu, anakinusa, anauliza kama hii ni sita kweli, nawe unamwambia namba si unaiona. Anacheka, anatoa hela.

Kuna neno moja ambalo pale halikuwa linatumika, nalo ni hakuna. Mteja akiuliza kitu usichokuwa nacho unamwambia kipo, subiri kidogo. Unamkalisha kwenye kiti chako, unakimbia kwa jirani, unarudi nacho kimefungwa vizuri na cha juu chako, faida, kiko ndani. Jirani kama hana, anakimbia naye kwa mwingine. Nimewahi kumwuzia mtu feni iliyopita mikono minne yeye akiwa bado na soda ileile mkononi. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema hakuna ni neno la maduka ya ushirika, na maduka ya ushirika tuliyaona yalikoishia.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Nasema alikuwa, ingawa mwenyewe hakusema hivyo. Kiwanda hakikumfukuza. Kilimpeleka likizo, yeye na wenzake wote, likizo isiyo na malipo na isiyo na tarehe ya kurudi, ikasemekana kuna mnunuzi yuko njiani. Kila Jumatatu walikwenda getini kusoma ubao wa matangazo, wakarudi. Kwa hela za upatu wa mkewe fundi akanunua televisheni mbili na mashine mbili, akaziweka chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, mitaa michache nyuma ya soko.

Ungedhani wateja wake walikuwa wanafunzi. Wanafunzi walikuja jioni. Kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri waliojaa kwenye yale mabenchi walikuwa wanaume wazima, wafumaji, wapiga rangi wa vitambaa, msimamizi wa zamu mwenye miwani, wote wa likizo ileile, wakimkimbiza yule mtu mdogo kutoka kushoto kwenda kulia. Nilipeleka waya siku moja nikawakuta. Hakuna aliyeshangilia. Saa nne msimamizi wa zamu alitazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa, na wote wakainuka kunywa chai kana kwamba kengele imelia. Chai ilipokwisha wakarudi kila mtu mahali pake.

Namba mpya ikitoka chumba kilifurika kwa wiki kadhaa. Ikizoeleka, mabenchi yanaonekana, fundi ananijia na kaseti ya zamani, ananiongezea kitu juu, anaondoka na mpya. Ya zamani nilikuwa naipeleka kwa tajiri nikichukua mzigo mwingine, naye ananipunguzia.

Mkewe nilimjua siku alipokuja mezani mwenyewe. Mama wa pwani, mpole wa sauti, mgumu wa bei. Alianza na waya wa antena. Aliushusha, akaushusha, mpaka akafika bei ambayo ningemfukuza mtu mwingine, halafu akauweka chini kwa adabu akasema hakuja kununua. Alikuja kuuliza.

Kaka yake alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa huko Morogoro, anatafuta fundi wa kuaminika, na chumba cha kuishi kipo. Alikuwa amengoja tangu kabla ya mfungo, na sasa Idi imepita. Mumewe hakatai. Anasema wataondoka gemu ikiisha, kwa sababu ikiisha wateja wataondoka na hatakuwa na cha kumweka mjini. Akiondoka kabla, huenda kiwanda kikaita majina na lake likaitwa akiwa hayupo. Lakini kila mama yule akianza kufunga mizigo, namba nyingine inatoka.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema. "Hii kitu inaishia namba ngapi?"

"Mama, hii haiishi," nikamjibu, kwa ile sauti ya kuuzia.

"Haiishi, au nyie hamtaki iishe?"

Nilijifanya napanga kaseti. Alipokuwa anageuka kuondoka alinionya, nusu kwa mzaha, kwamba kaseti zao nisije nikazichanganya na za watu, kila kitu cha nyumba yake anakitia nukta ya rangi ya kucha kwa chini. Ni mambo ya wanawake wa mitaa yetu. Sahani na sufuria zinaazimwa kwenye shughuli, na asiyetia alama anarudishiwa za mwenzake zilizopasuka. Nikamwambia nimesikia. Sikuwa nimesikia.

Namba nane ilitoka baada ya hapo. Niliifuata Mchafukoge, boksi zima, nikalihesabu mbele ya tajiri na nikalihesabu tena nje ya mlango wake. Fundi akachukua ya kwanza.

Jumatatu iliyofuata akaja, jua bado halijapanda sana, viatu vimejaa vumbi la kule getini. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akaiweka kaseti mezani kichwa chini. Pembeni kabisa palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

"Hii ilikuwa sita yangu," akasema.

Akaigeuza. Kwa ukucha wa kidole gumba akaibandua ile nane taratibu, kama mtu anayevua bandeji. Chini yake palikuwa na sita. Akaibandua sita. Palikuwa na nne.

Maneno yangu yalikuwa tayari, kila muuzaji anayo: ni makosa ya stoo, nitakubadilishia, nitakupunguzia nyingine. Akanyanyua mkono nisiseme. Akanieleza kwamba hakuja kugomba. Tangu namba tano walikuwa wanajua. Msimamizi wa zamu ndiye aliyeona kwanza, kwamba lile daraja linalobomoka ni daraja lilelile na linabomoka mahali palepale. Aliyekuwa anacheza akaliruka. Baadaye mmoja wa wafumaji akasema rangi ya maji imebadilika kidogo, wengine wakakubali kwamba kweli imebadilika, na wakaendelea. Haikuwa imebadilika. Televisheni ilikuwa inakufa.

"Sasa unataka nini, fundi?" nikamwuliza.

Jirani yangu muuza mikanda alikuwa anamtangazia mteja ngozi halisi. Fundi akasubiri amalize.

"Leo tulikuwa getini," akasema. "Tangazo ni lilelile. Limepigwa jua mpaka maandishi hayaonekani, karatasi nyeupe tupu. Na sisi tumesimama tunalisoma, bwana mdogo. Watu wazima. Mmoja akasogea mbele ili aone vizuri."

Akaifuta ile kaseti kwa kiganja.

"Mlinzi wa pale nikimwuliza ananiambia subirini kidogo. Ofisini subirini kidogo. Nikija kwako, subiri kidogo. Shemeji yangu amesema mwisho wake Ijumaa, baada ya hapo anachukua fundi mwingine. Sasa nakuuliza wewe, na ninataka unijibu kama mtu, si kama muuzaji. Namba tisa ipo?"

Ilikuwepo. Nilikuwa nimeziona stika zake wiki ileile kwenye droo ya tajiri, karatasi mbili, tisa nyekundu zimepangana kama askari. Kutoka mezani kwangu mpaka Mchafukoge si mbali. Ningemwagizia chai ya maziwa, na kabla hajafika nusu ya kikombe ningekuwa nimerudi.

Nilipiga hesabu yangu, kama kawaida. Fundi alikuwa mteja mzuri. Halafu nikapiga hesabu mara ya pili, na ile ya pili haikuwa na pesa ndani yake, kwa hiyo sikujua namna ya kuifunga.

"Hakuna," nikasema.

Neno lilitoka dogo, kama lililokuwa limekaa mahali pakavu muda mrefu. Muuza mikanda aligeuka akanitazama kana kwamba nimetukana mtu.

"Haijafika, au hakuna?"

"Hakuna, fundi. Imeisha. Iliisha zamani sana."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Hakuonekana kufurahi, na mimi sikujisikia kama niliyefanya wema. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani ambaye shingo bado haijaamini. Nikamwambia aiache kaseti nimrudishie hela. Akakataa. Alisema ina alama ya mama, itaenda na vyombo.

Alhamisi mkewe alipita kuniaga. Hakusema lolote kuhusu gemu. Alichukua ule waya wa antena, akaitaja ileile bei aliyokuwa ameifikisha siku ya kwanza, akanitazama usoni akingoja nibishe. Nikaufunga kwenye gazeti nikampa. Sijui kama huko walikokwenda kulikuwa na televisheni, wala matangazo ya kukamata.

Televisheni na mashine zilinunuliwa na mfumaji mmoja, yule aliyeona rangi ya maji imebadilika. Akabaki na chumba kilekile na mabenchi yaleyale. Jumatatu akaja mezani, amefuatana na msimamizi wa zamu, wote wawili na vumbi la getini. Msimamizi alivua miwani akawa anaifuta kwa pindo la shati.

Mfumaji akaniambia wamesikia kwamba nilimwambia fundi gemu imeisha. Nikasema ndiyo. Akauliza nani kaniambia. Nikasema hakuna aliyeniambia. Akaziangalia kaseti zangu moja moja, safu ya kwanza, safu ya pili, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kukagua nyuzi kwa kazi.

"Sisi bado tupo," akasema. "Watu wanakuja asubuhi, wanakaa. Wanauliza kama kuna mpya." Akainamia meza, sauti akaishusha. "Hebu niambie. Hakuna kweli, au ilikuwa hakuna ya yule?"

Msimamizi wa zamu akavaa miwani yake, akanitazama. Nikaona kwamba alikuwa anaogopa, mzee wa watu, anayejua lile daraja lilipobomokea.

Nikasimama. Nikampisha kwenye kiti changu, nikamwita muuza chai amletee kikombe, na mwenzake kingine.

"Ipo," nikawaambia. "Subirini kidogo."

Nikashika njia ya Mchafukoge.