Nimeletwa na Maharage

Uvumilivu uliniisha mlangoni kwa shangazi, mdogo wangu aliponiuliza, "Dada, uliwaona mbega wakiruka mitini?"

Mbega gani? Msitu mzima niliupita nikitazama kisogo cha baba.

Leo mwanangu kamenya limau hapa nyumbani, Babati, na harufu yake ikanipandisha hasira upya, mtu mzima mimi. Katika safari ile ya utotoni mdogo wangu alikuwa akitapika garini, basi akapewa limau la kunusa, dirisha na mapaja ya mama. Mimi katikati, miguu juu ya gunia la maharage ya kumpelekea shangazi pwani. Ubaridi wa msitu, harufu ya majani mabichi, vyote vilianza kwake. Nikajaribu kutapika na mimi.

"Acha maigizo," mama akasema. "Wewe hata ukila mawe hayatoki."

Tulipofika pwani, katika mji wa kale wa shangazi, wakaonyeshana milango ya nakshi. Mimi niliona migongo yao.

Kwa hiyo shangazi alipofungua, sikungoja wakubwa wasalimiane. Nikasimama mikono nyuma, kama shuleni.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuwashtaki baba na mama. Mdogo wangu amesafiri. Mimi nimeletwa pamoja na maharage."