Mshahara Unaofuata Mkate

Jumamosi, dukani kwa Mgriki katika mji wetu wa shaba, mteja Mbelgiji alikuwa akijisifu kwa Kifaransa: kwao mkate ukipanda bei, mshahara nao unaufuata. Mgriki akatikisa kichwa. "Kwetu mkate unapanda, mshahara unalala. Ndiyo maana niko hapa."

Kando yangu mama mmoja, mke wa mchimba shaba, alikuwa ameshika samaki mkavu wa Pweto, kule ziwani. "Dada, bazungu banasema nini?"

Nikamtafsiria. Akamnusa yule samaki kwa muda mrefu, kisha akamrudisha polepole.

"Ule mushahara, hauwezi kuvuka maji ufike na kwetu? Batoto balikwisha kusahau utamu wa samaki."

Nikawaza: Kodi ya Wabelgiji ilivuka bahari, na fimbo yao pia. Mshahara peke yake ndio unaoogopa maji?