Mkwe Kando ya Kitanda

Hasira zangu ziko karibu, wodi nzima inajua, na hakuna kinachonichemsha kama mgonjwa aliyepasuliwa jana kuniambia haumwi. Huwa tunawauliza: kutoka sufuri mpaka kumi, maumivu yamefika ngapi? Mama mmoja mkulima wa Wusi, kijiji cha huko milimani, aliyetolewa uvimbe tumboni, akanijibu sufuri. Huku jasho linamtoka na shuka amelikamata kwa ngumi mbili.

Kilichonitia hofu ni kifua. Kwa kuogopa mshono alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, hakohoi, na makohozi yalishaanza kukwaruza ndani. Yakituama, homa ya mapafu haichelewi, na mtu wa umri wake anaweza kutuondokea tukimtazama. Sindano ya maumivu alikuwa ameandikiwa, ila kila nikimkaribia anausukuma mkono wangu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaitikia kwa adabu, akakataa.

Nilikuwa nishakunja uso nimkaripie, ndipo nikaona macho yake hayako kwangu. Yalikuwa kwa mwanamume aliyekaa kitini, aliyemleta kutoka milimani na asibanduke tangu asubuhi. Nilidhani ni mwanawe. Nilipomuuliza akainamisha kichwa, akasema yeye ndiye aliyemwoa binti yake, na mkewe amejifungua juzi, yuko nyumbani.

Lo! Na mimi ni mzaliwa wa huku huku. Mamangu hakuwahi hata kula mbele ya mkwewe, sembuse kulia. Nikamwomba yule bwana atoke nje kidogo, nikavuta pazia.

"Sasa ni ngapi, mama?"

"Kumi," akasema, machozi yakaanza. "Sista, nakufa."

Nikamchoma sindano. Ilipoanza kukolea nikamkumbatisha mto tumboni uushike mshono, nikamwambia akohoe. Alikohoa kwa mayowe, akamwita mamake aliyekwisha kufa, na makohozi yakatoka. Nilifurahi mpaka nikambusu kwenye paji la uso.

Nje nilimkuta mkwe amesimama chini ya dirisha lililo wazi, macho mekundu.

"Huyo anayelia ni mgonjwa mwingine, sivyo?" akaniuliza.

"Ni mwingine," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi mwache alie, sista. Mimi nitakaa huku nje."